Maradhi ya Kutikisa Kichwa, na Wanaoomba Kuchunguzwa

Nyote mliokulia upande huu wetu wa kaskazini mwa Uganda mwayajua maradhi ya kutikisa kichwa. Lakini wengi wa kaka zetu waliomaliza masomo hapa zamani, ambao sasa wanafanya kazi Kampala, Nairobi au Juba, huenda hawajapata kumwona mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo nitaeleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha nitafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, yaani wagonjwa wanaoomba kuingizwa katika utafiti wa madaktari, na kwa nini wengine hupokewa na wengine hurudishwa nyumbani.

Nilipokuwa darasa la tano, mama mmoja jirani yetu alisikia kwamba madaktari wanaandikisha watoto wagonjwa kwa ajili ya utafiti mmoja. Alfajiri alimpandisha mwanawe juu ya baiskeli, nyuma ya kaka yake, akawafunga pamoja kwa kitenge ili mgonjwa asianguke kama akishikwa njiani. Yeye mwenyewe alifuata kwa miguu. Sisi watoto tuliwasindikiza mpaka kwenye daraja tukirukaruka, maana tulidhani anakwenda kuponywa. Jioni tuliwaona wamerudi. Yule mama hakusema neno. Siku ya tatu alimwambia mama yangu, "Wamemkataa. Wamemtazama, wameandika, kisha wameniambia hafai." Hakuna aliyemweleza kwa lugha yake kwa nini hafai. Basi akaamini kwamba mwanawe amehesabiwa kuwa mtu asiyeweza kupona tena, na kwa muda mrefu hakumpeleka hata kuchukua vidonge vyake vya kifafa. Jambo hili lilinikaa moyoni, na tangu nilipoanza kusoma elimu ya viumbe hapa shuleni nimekuwa nikilitafutia maelezo.

Ugonjwa huanza hivi. Mtoto mzima, mwenye kucheza na kwenda shule, mara nyingi wa miaka mitano hadi kumi na mitano, hushikwa ghafula. Pengine ni wakati wa chakula, pengine ni kwenye baridi ya asubuhi. Kichwa huanguka mbele, huinuka, huanguka tena, mara 5 mpaka 20 kwa dakika moja. Mgeni akimtazama hudhani mtoto anasinzia. Hasinzii. Madaktari wamewapima watoto hawa kwa mashine yenye nyaya zinazobandikwa kichwani ili kuandika umeme wa ubongo, wakaona kwamba kila kichwa kinapoanguka, umeme ule umevurugika, na misuli ya shingo imelegea kwa muda mfupi sana. Kwa maneno mengine, kichwa hakisukumwi kwenda mbele. Kinaachiliwa tu, kama mzigo unaomponyoka mchukuzi. Hiyo ni namna moja ya kifafa. Baadaye wengi hupatwa na kifafa chenyewe cha kuanguka na kutetemeka mwili mzima. Huanguka motoni, huanguka majini. Akili hupungua polepole, na wengine hawakui. Kijana wa miaka kumi na minane huonekana kama mtoto wa miaka kumi.

Watu wengine hufikiri kwamba ugonjwa huu ulizaliwa kwetu, katika kambi za wakati wa vita. Si kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye aliitwa Louise Jilek-Aall, alikuwa akifanya kazi Mahenge katika nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika, kati ya Wapogoro. Alikuta wagonjwa wengi wa kifafa wametengwa na jamaa zao, maana watu waliogopa mate yao, wakaogopa hata kumwokoa aliyeanguka motoni. Akafungua kliniki ya kifafa, na huko ndiko alikowaona watoto wanaotikisa kichwa, akaandika habari zao. Miaka ya 1990 maradhi yaleyale yakaonekana Sudan ya Kusini. Kisha yakaonekana kwetu, Kitgum, Pader na Lamwo, yakazidi hasa baada ya mwaka 2000, watu walipokuwa wamesongamana kambini. Wazee walisema ni roho za waliouawa vitani wasizikwe. Wengine walisema ni sumu ya mabomu, au chakula cha msaada. Siwacheki, maana serikali yenyewe na wataalamu wa ng'ambo walikuwa hawajui la kusema.

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Kampala ili wakubaliane juu ya ugonjwa huu. Nawaomba msomaji mtulie kidogo hapa, kwa sababu mkutano huo ndio uliomjibu mama yule wa baiskeli, ingawa yeye hakupata habari zake. Wataalamu walisema: hatuwezi kuchunguza kitu ambacho kila mmoja wetu anakiita kwa jina lake. Lazima tuseme ni nani aliye na ugonjwa huu na ni nani asiye nao. Basi wakaweka masharti. Mgonjwa awe ameanza kutikisa kichwa akiwa na umri wa miaka 3 hadi 18. Kutikisa huko kuwe kumeonekana zaidi ya mara moja. Kuwe kwa kadiri ile niliyotaja ya mara 5 mpaka 20 kwa dakika. Tena awe na dalili nyingine kama kifafa cha kawaida, au kudumaa, au kupungua akili. Na kama kutikisa kichwa kumeshuhudiwa na mtu aliyefundishwa kazi ya afya, au kumenaswa katika picha za sinema, hapo ugonjwa huhesabiwa kuwa umethibitishwa.

Mtoto wa jirani yetu hakutikisa kichwa kamwe. Alianza moja kwa moja kwa kuanguka. Alikunywa maji ya mto uleule, aliumwa na wadudu walewale, alidumaa kama wenzake, lakini kichwa chake hakikutikisika. Kwa masharti yale hakuwa mgonjwa wa maradhi yale. Hilo ndilo neno lililotakiwa kusemwa kwa mama yake, na lingesemwa kwa dakika tano: "Mama, mwanao ni mgonjwa kweli, na dawa zake za kifafa aendelee kunywa. Ila safari hii twatafuta wale tu walioanza kwa kutikisa kichwa."

Pengine mtasema masharti hayo ni ukatili. Mimi nilisema hivyo. Mwalimu wetu alinijibu kwa mfano wa shamba. Akasema, ukitaka kujua kama mbolea fulani yafaa mahindi, ukapanda mahindi pamoja na mtama na maharagwe, ukatia mbolea, wakati wa mavuno hutajua ni kipi kilichofanya nini. Nimekubali mfano huo, ila nusu tu. Mahindi hayatembei kilometa kumi na tano kuja kuomba mbolea. Tena katika miaka iliyofuata baadhi ya wataalamu wameanza kusema kwamba wale wanaotikisa kichwa na wale wanaoanguka tu bila kutikisa, katika vijiji vilivyo kando ya mito ya namna hii, huenda wote ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja wenye sura mbalimbali, ambao huuita kifafa kitokanacho na usubi. Kama ni kweli, basi yule mtoto alikuwa mahindi kama wenzake.

Sasa usubi ni nini? Ni inzi wadogo weusi wanaozaliwa katika mito yenye maji ya kasi, kama Aswa na Pager. Wakimwuma mtu huingiza mwilini mwake minyoo midogo, ambayo ikikomaa hukaa chini ya ngozi miaka kumi au zaidi, ikizaa watoto wengi wasiohesabika. Watoto hao wa minyoo ndio wanaoleta upele na upofu wa mtoni. Wataalamu waliona kwamba mahali penye kutikisa kichwa ndipo penye usubi mwingi, Mahenge, Sudan ya Kusini, na hapa kwetu. Lakini mnyoo huu haukuonekana ndani ya ubongo. Wauharibuje ubongo bila kuingia humo?

Mwaka 2017 wachunguzi walitoa jibu moja. Mwili wetu hutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu, kwa kila adui anayeingia. Katika damu ya wagonjwa wa kutikisa kichwa walikuta askari wanaopigana na protini iitwayo leiomodini-1, mara nyingi zaidi kuliko katika damu ya watu wazima wa afya wa vijiji vilevile. Protini hiyo imo ndani ya ubongo wetu wenyewe, nayo inafanana kidogo na protini ya mnyoo. Yaani huenda askari wametumwa kumpiga mnyoo, wakakosea, wakapiga ubongo. Lilikuwa wazo zuri sana. Wakati wazo hilo lilipokuwa likichunguzwa, madaktari wa Uganda wakiongozwa na Richard Idro wa Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa wamekwisha kuanza kulijaribu kwa dawa.

Dawa waliyoitumia ni doksisaiklini, ambayo inauzwa katika kila duka la dawa. Jinsi ifanyavyo kazi ni ya kupendeza. Ivamektini tunayomezeshwa kila mwaka huua watoto wa mnyoo, lakini mnyoo mkubwa hubaki hai. Ndani ya mnyoo mkubwa huishi bakteria fulani, na mnyoo hauwezi kuzaa wala kuishi vema bila wapangaji hao. Doksisaiklini haimgusi mwenye nyumba. Inawaua wapangaji, kisha mwenye nyumba hudhoofika na kufa. Wakawaza hivi: mnyoo ukifa, askari watapungua, askari wakipungua, ubongo utapumua.

Kati ya mwaka 2016 na 2018 waliwachunguza wagonjwa zaidi ya 300, wakawapokea 240, wote wenye umri wa miaka minane au zaidi. Wakawagawa kwa kura. Mia moja na ishirini walipewa doksisaiklini kila siku kwa majuma sita, na mia moja na ishirini walipewa kidonge kitupu, kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake. Wote waliendelea kupata matunzo ya kawaida. Kisha walifuatwa kwa miaka miwili. Mgonjwa hakujua amemeza kipi, na daktari aliyempima naye hakujua.

Hapa ndipo wazazi wengi hukasirika. Baba mmoja wa kijijini kwetu, niliposimulia habari hii, aliniuliza, "Yaani mtoto wangu anameza unga mtupu majuma sita, nami naona wamemsaidia?" Nilijaribu kumjibu hivi. Mgonjwa wa kifafa ana miezi mibaya na miezi myema. Akipewa dawa yoyote katika mwezi mbaya, mwezi unaofuata huenda ukawa mwema, nasi tutaisifu dawa. Tena mtu anayetunzwa, anayetembelewa, anayeulizwa hali, hupata nafuu kwa hilo peke yake, na mama yake hakosi kumpa vidonge vingine kwa wakati. Kama hakuna kundi la pili linalotunzwa vivyo hivyo bila ile dawa, hakuna awezaye kujua ni kipi kilichosaidia. Na kura ni ya haki kuliko daktari kuchagua, maana daktari naye ni mtu, angewapa dawa wale anaowahurumia. Yule baba alifikiri, akasema, "Basi waseme mapema." Wanapaswa kusema mapema. Hiyo ni sheria, si hisani. Madaktari wa dunia waliandika kanuni zao Helsinki mwaka 1964, na kwa kanuni hizo mgonjwa ataelezwa kila jambo kabla ya kukubali, naye akitaka kujitoa siku yoyote, ajitoe, wala matibabu yake ya kawaida yasipunguzwe. Mzazi ndiye anayetia sahihi kwa mtoto, lakini mtoto mwenye kufahamu naye huulizwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Dawa haikusaidia. Kundi la dawa na kundi la kidonge kitupu walikuwa karibu sawa, kwa kifafa na kwa askari wa damu pia. Nilipolisoma jambo hilo nilihuzunika kana kwamba nilikuwa nimeahidiwa mimi. Wale 240 walichomwa sindano, walitoa damu, walipanda magari ya hospitali mara nyingi, na mwisho wake neno lililopatikana ni "hapana". Lakini "hapana" hiyo ina thamani yake. Kama isingepatikana, leo wazazi wangekuwa wakiuza mbuzi kununua doksisaiklini kila mwaka, kwa sababu wazo lilikuwa zuri na dawa ipo dukani.

Katika kulitafuta jambo hili nilikuta habari za watu wengine walio mbali nasi, ambao wametoa damu yao miaka mingi kwa ajili ya ugonjwa mwingine wa ubongo usioonekana mara nyingi. Ni wavuvi na maskini wa kando ya Ziwa Maracaibo katika nchi ya Venezuela, na ugonjwa wao huitwa Huntington. Huanza kwa mtu mzima. Viungo hucheza vyenyewe, akili huharibika, kisha mtu hufa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana bahati nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwingine ni ugonjwa adimu. Pale umejaa vijiji vizima. Mmarekani mmoja, Nancy Wexler, ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1978, alianza kwenda huko, na tangu mwaka 1981 alikwenda kila mwaka na wenzake kuomba damu. Watu walikataa. Walidhani Wamarekani hawana ugonjwa huo, ila wanataka damu ya maskini. Ndipo muuguzi mmoja akaushika mkono wa Nancy akawaonyesha kovu mahali alipokatwa ngozi kwa uchunguzi uleule, akawaambia kwamba naye ni wa jamaa ya wagonjwa. Baada ya hapo walinyosha mikono.

Damu ya watu wale, zaidi ya 4,000 waliojitolea, ndiyo iliyosaidia kuonyesha mwaka 1983 kwamba kosa limo katika kromosomu ya nne, na mwaka 1993 jeni lenyewe likapatikana. Leo mtu wa London au Chicago aweza kupimwa akajua kama ameurithi. Dawa ya kuuzuia bado haijawafikia wagonjwa, ingawa yanajaribiwa mengi. Na wale wa Maracaibo? Mwaka 1999 walifunguliwa nyumba ya kuwatunzia wagonjwa. Mwaka 2017 baadhi yao walifika Roma, Papa Fransisko akawapokea pamoja na wagonjwa wa nchi nyingine, akasema ugonjwa wao usifichwe tena. Mambo hayo ni mema. Hata hivyo wengi wao wamebaki katika umaskini uleule, na maendeleo yaliyotokana na damu yao yamewafikia kwanza watu wa mbali. Nancy Wexler mwenyewe alitangaza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa mama yake umempata.

Sisi angalau tumepata kitu kimoja. Kuanzia mwaka 2012 mito yetu ilitiwa dawa ya kuua usubi, na ivamektini ikagawiwa mara mbili kwa mwaka. Baada ya mwaka 2013 watoto wapya wanaotikisa kichwa karibu wakaisha kabisa. Wadogo zangu hawajui mchezo wa kikatili tuliokuwa tukiucheza shule ya msingi wa kuwaigiza wagonjwa. Lakini wale waliokwisha kuugua wapo, wamekuwa watu wazima, na mama zao wamezeeka. Utafiti mwingine ukitangazwa, baiskeli zitatolewa tena.

Likizo iliyopita nilimtembelea yule jirani. Mwanawe alikuwa ameketi chini ya mwembe akisokota kamba, kazi anayoiweza siku ambazo hakushikwa. Nilimweleza mama habari ya masharti ya Kampala, na kwamba mwanawe hakukataliwa kwa kuwa hafai. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawakuniambia?" Sikuwa na la kumjibu. Akaniomba nimwandikie kwa Kiacholi maneno ya kuwauliza madaktari watakapokuja tena, kwa kuwa yeye mbele yao husahau. Nikamwandikia: mnamtafuta mgonjwa wa namna gani, mtampa nini, na je, yawezekana akapewa kidonge kitupu, akidhurika, nani atamtibu, tukitaka kutoka, tutatoka vipi, kazi ikiisha, nani atarudi kutuambia mlichokiona. Na kama mkimkataa, niambieni sababu.

Hilo la mwisho alinitaka nilisome mara mbili. Kisha aliikunja karatasi akaiweka katika kopo la bati, pamoja na daftari la kliniki.